Kisiagi Kilichongoja Kwenda Kisii

Moraa mwanangu,

Umetoka kwenda Brooklyn Center kuwaaga wenzako wa kwaya. Najua utarudi umechoka, utapanda ngazi bila kuvua koti, na utazikuta karatasi hizi juu ya sanduku lako. Usinikasirikie kwa urefu wake. Mambo ya soksi nzito, kufunga mlango na kula chakula kilichopikwa nimeshayasema mpaka ukaniambia, "Mom, I'm grown." Hayo nimeyamaliza, haya ni mengine.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Ungependa Kiingereza, maana tangu uanze shule mimi huuliza kwa lugha moja nawe hujibu kwa nyingine, na hatujawahi kukosana kwa sababu hiyo. Lakini humu kuna maneno ambayo hutayajua, na ukikwama itabidi unipigie simu. Mama yako si mjinga.

Kesho unakwenda Michigan kuanza kazi ambayo nimejaribu kuieleza kazini kwetu nikashindwa. Niliwaambia wauguzi wenzangu kwamba utaketi katika ofisi ya kampuni ya magari, ukisie ni watu wangapi watakaotaka gari fulani mwaka ujao, ili kiwanda kijue kitengeneze mangapi. Mama Brian akaweka chini kikombe chake cha chai akasema, "Kwani wameandika mtoto wako job ya nabii?" Tulicheka wote. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani machozi yalinitoka, kwa sababu kati ya magari yote ya dunia hii wamekupa meza ya yale ambayo Wamarekani huyaita ya misuli. Yale ya milango miwili na boneti ndefu, yenye injini ya V8 inayonguruma hata yakiwa yamesimama. Ndugu zake Kisiagi chetu.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nilikinunua. Ulikuwa mdogo, kikaingia gereji, ukakizoea. Labda ulidhani kila muuguzi wa makao ya wazee aliyeachwa na mume aliyehamia Texas hununua gari la rangi ya machungwa lenye sauti ya radi. Acha nikuambie basi.

Nilikinunua kwa ajili ya nyanya yako kule Kisii. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kila nikimpigia simu ananiuliza, "Utakuja lini, nikuone kabla giza halijafunga?" Na kila mara namwambia mwakani. Mwakani nikipata makaratasi, mwakani ukimaliza darasa fulani, mwakani wakiniongeza mshahara. Siku moja nikamwambia, nadhani kwa kujitetea tu, "Mama, hata kama hutaniona, utanisikia. Nitakuja na gari ambalo utalisikia likiwa bado kule chini kwenye lami." Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu niondoke. Baada ya hapo sikuweza kulirudisha neno hilo mdomoni.

Wakati huo kila mtu mjini alikuwa akisema magari hayo yanakwisha. Nilikwenda pale Burnsville, kando ya barabara ya thelathini na tano, na muuzaji, kijana mwenye tai nyembamba, akanionyesha la rangi ya machungwa. Akaweka mkono kwenye paa akasema, "These are the last ones, ma'am. After this, it's all electric." Wakati huo huo mzee mmoja na mwanawe walikuwa wakilizunguka lile la bluu la pembeni, wakinong'ona. Nilishikwa na hofu ya kuachwa. Wewe umesoma, utakuwa na jina la hofu hiyo kwenye vitabu vyako. Sisi husema kizuri chajiuza, na siku hiyo kilijiuza hata nikasahau kuuliza swali moja ambalo mtoto wa darasa la pili pale Kisii angeliuliza.

Jioni ya siku niliyolileta nyumbani nilimpigia nyanya yako. Nikawasha injini, nikapiga magoti nyuma ya gari, nikaishikilia simu karibu na bomba la moshi. Nikakanyaga mafuta? La, wewe ndiye uliyekanyaga, na ulilazimika kuteleza kwenye kiti ili mguu ufike. Niliporudisha simu sikioni nyanya yako akaniuliza, "Mwanangu, umenunua kisiagi?" Yaani mashine ya kusagia mahindi, kama ile ya pale sokoni kwetu, inayotetemesha mabati. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye saruji. Basi jina likawa hilo.

Jumapili tukakipeleka kanisani kiombewe. Unaikumbuka siku hiyo, kwa sababu ulivaa gauni la njano na ukaruhusiwa kukaa mbele. Akina mama walikizunguka wakiimba pale kwenye maegesho, mchungaji akaweka mkono juu ya boneti, akaomba kifike nyumbani salama. Hakuomba kitupeleke kazini wala shuleni. Aliomba kifike nyumbani, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia aombe. Akina mama wakanipa vitambaa vya kufuma vya kuweka kwenye viti, vyeupe vyenye maua, nami nikavitandika juu ya nailoni ambayo sikuitoa. Gari la mashindano lililovalishwa kama sebule ya mama wa kanisa! Wazungu waliopita walitutazama, nasi tukawapungia mkono.

Kisha nikakiingiza gereji, nikakifunika, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Nyumba yetu hii ya Apple Valley ina nafasi ya gari moja tu ndani. Kwa hiyo van yetu ya kila siku ilikaa nje. Kila asubuhi ya baridi ulitoka kabla yangu, mkoba mgongoni na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, ukakwangua barafu kwenye kioo cha van huku mimi nikitafuta funguo. Nilikuwa nakutazama dirishani. Umeinama, mkono mmoja kwenye kikwangulio na mwingine mfukoni, unabadilisha ukifa ganzi. Na nyuma yako, ng'ambo ya ukuta tu hapo, gari ambalo halikuwa likienda popote lilikuwa limelala mahali pa joto. Sikuliona hilo kama jambo la ajabu. Niliona kuwa tunatunza kitu. Chumvi wanayomwaga barabarani hapa kuyeyusha barafu ingekila bodi, na mimi sikutaka nyanya yako ashike mlango wenye kutu.

Halafu kuna siku ya prom, ile dansi yenu ya kumaliza shule. Uliniomba mara moja tu, ukiwa umesimama kwenye mlango wa jikoni. Ukasema, "Mom, can we take Kisiagi? Just there and back." Nikaangalia simu yangu, nikaona mvua. Nikakwambia, "Mama, hiyo ni ya nyumbani. Ikinyeshewa sasa, tutafika na nini?" Ukasema, "It's fine." Picha yako bado iko pale mezani. Umevaa ile rangi ya zambarau, umependeza kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa kwetu, na nyuma yako ni ile van yenye mlango uliobonyea. Na mvua haikunyesha.

Tulilelewa na methali mbili zinazogombana, mwanangu. Moja husema subira yavuta heri, nyingine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipokuwa na umri wako nilidhani mtu huchagua ile aipendayo. Sasa nafikiri kila moja ina siku yake, na mimi nilikaa na ya kwanza hata siku yake ilipokwisha.

Nyanya yako alifariki katika mojawapo ya zile mwakani nilizomwahidi. Wewe ulikuwa na mitihani, nikaenda peke yangu. Mjomba wako Nyandika alikuja kunipokea Nairobi na gari la kukodi, jeupe, dogo, lisilo na sauti. Nilipotoka na mizigo nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kulia nikaufungua, nikataka kuketi. Nikakuta usukani. Nyandika akacheka, "Dada, kwani unataka kuendesha wewe?" Nikacheka pia, nikazunguka.

Tulikwenda kilomita nyingi. Tulipofika kwenye ile miinuko ya kwetu, chai pande zote mbili na udongo mwekundu ukingoni, nikaanza kusema sema ili nisilie. Nikamwambia, "Nitakileta Kisiagi tu. Hata kama mama hayupo. Nitakileta kipande mlima huu kijiji kizima kisikie." Nyandika alisubiri tuimalize kona, kisha akaniuliza kwa upole, jinsi unavyomwuliza mgonjwa, "Dada, hiyo gari yako, steering iko side gani?"

Moraa, sikujua! Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile jioni nyingi sana baada ya kazi, mlango wa gereji uko wazi, injini inanguruma, najiona napanda mlima ule. Na sasa nimefumba macho ndani ya gari la kukodi, nainua mikono hewani kama kipofu nikiutafuta usukani, nipate kukumbuka. Kushoto. Bila shaka ni kushoto. Na kwetu sheria haikubali gari la mtu binafsi lenye usukani wa kushoto kuingia. Kila mtu anajua hivyo. Mimi pia nilijua nilipoondoka.

Watu walidhani ninamlilia mama, na kweli nilimlilia. Lakini nililia pia kwa sababu niligundua kwamba nchi ya nyumbani niliyokuwa nikiitamani kila siku, nilikuwa nimesahau pale dereva anapokaa. Nilikuwa nimeibeba moyoni muda mrefu hata ikageuka ikawa ya hapa, barabara zake pana, magari yake upande wa hapa. Hakuna aliyenidanganya. Ni hamu yenyewe iliyonifanya hivyo, na hamu ikizidi haiangalii vizuri.

Niliporudi nilikwenda Burnsville kumwona yule kijana. Nilitaka kubadilisha, nipewe lile lile lakini la usukani wa kulia, hata kama ni la rangi nyingine. Alikuwa muungwana. Akatazama kwenye kompyuta yake, akatazama tena, akanigeuzia kioo nione mwenyewe. "They never built it that way, ma'am. Not enough people asked." Nikamwuliza, "Ninyi huuliza nani?" Haikuwa kazi yake kujua.

Sasa itakuwa kazi yako. Sitaki kukufundisha, maana mimi na hesabu tuliachana zamani na hatudaiani. Nakuuliza tu, kama mama. Watakapokuletea karatasi ya watu wanaotaka na watu wasiotaka, watu kama mimi tutakuwa safu gani? Mwanamke anayetaka kitu ambacho hakijatengenezwa, mahali ambapo hakuna duka, ili mtu ambaye macho yamefifia amsikie akipanda mlima. Najua kiwanda hakiwezi kuwashwa kwa ajili yake. Ningependa tu ujue yupo kabla hujafunga hesabu.

Kuna mzee kule kazini kwetu ambaye namwogesha asubuhi, nami humtaja bila jina kwa sababu ya siri ya wagonjwa. Ujanani alikuwa na moja ya magari haya, ya zamani kabisa. Siku moja nilimwambia habari za Kisiagi, kwamba nimekitunza, nailoni bado iko. Nikadhani atanisifu. Akaniuliza, "Where do you go in it?" Nikasema siendi popote. Nikaendelea kumfuta mgongo. Kisha akanisimulia jinsi alivyolipeleka lake kwenye kila ziwa la jimbo hili, majira ya baridi na ya joto, mpaka kutu ikaila sakafu, ikawa akiendesha anaiona barabara kati ya viatu vyake. Mkewe alikuwa akiweka kipande cha ubao ili miguu isilowe. Akasema yale ya zamani yana bei leo kwa sababu watu waliyatumia yakaisha, yakabaki machache. "You folks all kept yours," akaniambia. Na ni kweli. Ukienda kwenye maonyesho ya magari hapa kiangazi, utayakuta ya umri wa Kisiagi, yamepangwa, mapya kama yametoka kiwandani jana, na kila mwenyewe aliambiwa kuwa lake ni la mwisho.

Wewe mwenyewe uliniambia mezani, ukicheka, kwamba yale ya umeme yamekaa kwenye maegesho watu hawayataki, na V8 wanairudisha. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Uliniuliza, "You good?" nikasema niko sawa. Sikuwa sawa. Siyo kwa ajili ya bei yake, Mungu shahidi. Nilikuwa nafikiria asubuhi zote zile, na vidole vyako.

Nimeanza kukuonea hamu ukiwa bado uko humu ndani. Wiki hii yote nakusikia ukifunga masanduku, na kila zipu ikivutwa nasimama kwenye ngazi nisikie kama umemaliza au unatafuta kitu ili nipate sababu ya kuingia. Ninakumbuka jinsi ulivyokuwa ukilala kwenye kiti cha nyuma cha van nikitoka kukuchukua kwa Mama Brian baada ya zamu, mdomo wazi, kiatu kimoja kimekutoka. Nilikuwa nikijiambia, tukifika nyumbani nitapumzika na huyu mtoto, tutakaa. Nikimaanisha Kisii. Na kumbe kila jioni tulikuwa tunafika nyumbani, nazima gari, nakubeba, na sikai.

Kwa hiyo leo ulipokuwa ukinunua zile sweta zako, nilikitoa Kisiagi. Nilitoa vitambaa vyote nikavifua, viko kwenye kamba jikoni, chagua viwili uende navyo. Nilivuta ile nailoni ya viti. Ilishika, ikachanika vipande vipande, na chini yake ngozi inanuka upya kama siku ile. Halafu nikaenda kwa fundi. Nikamwambia nataka matairi ya theluji, yote manne. Fundi akalizunguka, akanitazama. "You're taking this out in salt?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Ma'am, you know what that does." Nikamwambia, najua kabisa inachofanya, baba, funga tu. Yeye si mtu wa kujua "baba" ni nini, lakini alifunga.

Ndege yako ni asubuhi, nami ndiye wa kukupeleka. Tutakwenda na Kisiagi. Utakaa mbele. Tutavuka daraja la mto, na mbele kidogo njia ya airport itachepuka kulia. Ukikaa kimya nitaifuata, nitakukumbatia pale mlangoni, nitarudi, na hutaniona nikifanya vituko. Lakini ukisema tu, "Mom, keep going," nitanyoosha. Wisconsin, Chicago, mpaka Michigan kwenyewe. Nimeomba ruhusa kazini na mafuta nimejaza. Tiketi ipotee kama itapotea. Sikuambii uchague hivi wala vile. Nataka tu ujue kwamba safari hii sina ya mwakani.

Na ukija kuamka, usitoke mbio kama ulivyozoea. Theluji imeanza, naiona kwenye taa ya barabarani, na van ndiyo iko gereji. Kisiagi nimekiacha nje, bila kifuniko, na boneti yake imeshakuwa nyeupe. Kufikia asubuhi kioo kitakuwa kimeganda kabisa. Wewe kunywa chai yako ndani polepole, ukae pale dirishani nilipokuwa nikikaa mimi.

Kesho nitakwangua mimi.

Mama